Kinacholia na Kinachonyamaza

Debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii tumeifundisha vizazi na vizazi, na sisi walimu ndio tuliokuwa mstari wa mbele kuitumia. Mwanafunzi akisema sana, tulimwita debe tupu. Mwananchi akilalamika mkutanoni, wakubwa waliguna na kusema hivyo hivyo. Hatimaye kelele yenyewe ikahesabiwa kuwa kosa, na ukimya ukahesabiwa kuwa adabu. Katika insha hii nataka kuuliza swali ambalo limenisumbua katika uzee wangu hapa Ipagala. Kitu kinapopiga kelele, wajibu wetu wa kwanza ni upi? Ni kukinyamazisha, au ni kutafuta kinachokiliza?

Nitajaribu kulijibu kwa msaada wa gari. Msomaji asishangae. Mtu aliyefundisha walimu maisha yake yote huzoea kuanza na kifaa kinachoshikika kabla hajafika kwenye wazo lisiloshikika.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender, lililopita mikono mingi kabla ya kufika kwangu, ambalo nililinunua mnadani kwa ajili ya shamba langu la zabibu huko Hombolo. Magari ya jamii hii yalionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, Ulaya ikiwa bado inauguza majeraha ya vita. Wakati huo chuma nchini Uingereza kilikuwa kikitolewa kwa mgawo, kwa hiyo waliolibuni waliunda bodi kwa madini ya aluminiamu, na wakaacha chuma kwa ajili ya chesisi, yaani ule uti wa mgongo unaobeba injini, ekseli, bodi na abiria. Uamuzi huo uliotokana na shida uliendelea kwa miaka mingi, na kwangu umebeba fundisho. Aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Basi gari la namna hii laweza kupendeza machoni kwa miaka 40, huku mifupa yake ikioza pole pole pasipo mtu kujua.

Gari langu lilianza kutoa mlio. Kila nilipokanyaga mafuta baada ya kuyaachia, lilisikika "ngo!" chini ya kiti cha dereva. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, mitaa yetu imejaa magari, na gereji zimeota chini ya miti, kwa hiyo mafundi sikuwakosa. Wa kwanza alisikiliza kwa dakika moja, akasema ni shokapu. Wa pili alisema ni mpira unaoshikilia giaboksi. Wa tatu hakuwa na haja ya kujua ni nini. Alishauri tupachike vipande vya tairi kuukuu kati ya bodi na chesisi, akaniambia: "Mwalimu, hutausikia tena." Nadhani alisema kweli. Nisingeusikia tena.

Wa nne alikuwa kijana ambaye umri wake haujafika hata nusu ya wangu. Yeye hakuuliza mlio unatoka wapi. Aliuliza unatokea lini. Je, gari likiwa baridi au likiwa moto? Likiwa na mzigo au likiwa tupu? Ukikanyaga breki, au ukikata kona? Kisha tukaenda barabarani. Mahali penye mteremko mdogo akaniomba nitoe gia na kuliacha gari litiririke lenyewe, akisema kwamba mlio ukiendelea wakati injini haisukumi, basi injini na giaboksi hazina hatia. Akaniomba nikate kona kushoto, kisha kulia, kwa sababu uzito wa gari huegemea upande wa nje wa kona, na beringi ya gurudumu iliyochoka hulalamika zaidi inapoelemewa. Beringi zote zilikaa kimya. Tukarudi. Akaingia chini ya gari, akanitaka nilivute kidogo mbele na kidogo nyuma kwa gia, huku yeye ameweka kiganja juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Mkono, alinieleza, hugundua kitu kinachocheza kabla sikio halijadanganyika.

Kwa nini sikio lidanganyike? Sauti hewani husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Katika chuma husafiri takribani mita 5,000 kwa sekunde. Kiungo kikigonga kule nyuma, chesisi nzima hupata habari mara moja, na mlio hutokea pale bodi inapokuwa nyepesi kutetemeka, pengine mbali kabisa na palipogongwa. Ndivyo ilivyokuwa. Kilichokuwa kimekwisha ni bolijointi iliyo juu ya ekseli ya nyuma, nami nilikuwa nikiusikia mlio chini ya kiti changu. Kama ningewafuata wale mafundi wawili wa kwanza, tungebadilisha vitu vizima na kuacha kibovu mahali pake.

Hapa ndipo ninapoliona jibu la nusu ya kwanza ya swali langu. Mahali kelele inaposikika si lazima pawe mahali kosa lilipo, na anayelia mara nyingi ni yule aliyeelemewa na kosa la mwingine. Watu wa Dodoma tunao mfano mkubwa wa jambo hili hapo Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka nchi yetu kwa majuma machache, ukapendekeza kilimo kikubwa cha karanga, na mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ikaanza kazi. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Majembe ya matrekta yalivunjika na kulika, mashine zikarundikana karakana, mafundi wakawa wanatengeneza usiku na mchana. Kelele ilikuwa karakana, lakini chanzo chake kilikuwa kwenye mpango wenyewe, ambao haukuupima udongo wala mvua ya Ugogo kwa muda wa kutosha. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Nikifikiri juu ya mafundi wale, najiuliza ni mara ngapi waliambiwa kwamba hawajui kazi.

Chuoni nako niliyaona. Katika chuo kimoja cha ualimu nilichokiongoza, wanachuo walianza kugonga sahani bwaloni. Baadhi ya wenzangu walitaka tuwasimamishe masomo viongozi wa fujo ile, na kweli kugonga sahani ni utovu wa adabu. Tulikubaliana kwanza tuandike siku ambazo sahani ziligongwa. Tukaona kwamba zilikuwa siku za mwisho wa mwezi tu. Mpishi, ambaye alikuwa akitukanwa kila mara, hakuwa na kosa. Maharage yalikuwa yakipunguzwa kabla hayajafika jikoni, kwa sababu mgavi alikuwa hajalipwa. Lakini jambo lililonishtua zaidi lilitokea tulipohesabu vichwa bwaloni. Kulikuwa na wanachuo ambao hawakugonga sahani hata mara moja, nasi tulikuwa tukiwasifu kwa utulivu wao. Hawakugonga kwa sababu hawakuwapo. Walikwisha kata tamaa, wakaacha kuja kula.

Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana gari langu lilikuja kunionyesha jambo lile lile.

Baada ya kubadilisha bolijointi, mlio ulikwisha. Nilikuwa tayari kumlipa kijana na kumshukuru, lakini yeye alichukua nyundo ndogo, akarudi chini ya gari. Akaanza kuigonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma, shubiri kwa shubiri: ti, ti, ti, ti. Nilikumbuka habari za Auenbrugger, daktari wa Austria, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, ambaye mwaka 1761 alitangaza kwamba kifua cha mgonjwa chaweza kugongwa kwa vidole na kusikilizwa, kama mtu anavyogonga pipa ili ajue limejaa kiasi gani. Mama zetu hufanya vivyo hivyo wanaponunua chungu. Kizima huitika kinapogongwa.

Alipofika kwenye mhimili wa nyuma wa chesisi, nyundo ikasema "bu". Akagonga tena. "Bu." Akaniita, akanipa nyundo, nami nikagonga kwa mkono wangu. Chesisi ile ni kama mrija mkubwa wa chuma. Tope huingia ndani na kukaa, na maji ya visima vyetu vya Dodoma yana chumvi. Kutu ilikuwa imeila kutoka ndani. Nje palikuwa na rangi nyeusi safi. Kijana akasema maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu: "Mwalimu, chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza."

Kile kilichokuwa kikipiga kelele kilikuwa kiungo kidogo, cha bei ya kawaida. Kile ambacho kingeweza kukatika barabarani na kuua watu hakikuwahi kutoa sauti.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu. Nilikuwa na nia ya kuliuza gari lile, kwa kuwa mjukuu wangu alikuwa amechaguliwa kuingia chuo kikuu na fedha ilihitajika. Dalali alikuja na mteja kutoka upande wa Chamwino, mtu mwenye familia, aliyetaka kubeba watu na mizigo siku za mnada. Kabla mteja hajafika, dalali alinivuta pembeni. "Mzee, hapo nyuma tunachomelea bati jembamba, tunapiga rangi, kazi imekwisha. Gari halipigi kelele. Nani atauliza?"

Nilimshirikisha mwanangu mkubwa. Hoja yake si ya kudharauliwa, na naiandika kwa haki. Alisema: "Baba, mnunuzi ana macho, ana masikio, na ana haki ya kuja na fundi wake. Akikuuliza, usimdanganye. Lakini asipouliza, hudaiwi. Kila gari kuukuu lina maradhi, na bei yake imekwisha kuyahesabu." Hata sheria haiko mbali naye. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1893, wajibu wa ubora wa bidhaa imeuelekeza zaidi kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo. Mstaafu anayeuza gari lake moja haibani sana. Kwa upande mwingine, majirani zangu Waislamu wananieleza kwamba katika fikihi yao mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa ana haki ya kurudisha alichonunua. Desturi za wazee wetu nazo hazikumsifu aliyeuza ng'ombe mgonjwa, hata kama mnunuzi hakuuliza.

Nilipolipima jambo hili niliona hivi. Hoja ya mwanangu ingesimama kama kosa lingekuwa la kusikika. Mlio ni onyo ambalo kila mwenye sikio analipata sawa na mwenzake, na muuzaji aliyeacha mlio usikike amekwisha kusema. Lakini mahali palipooza kimya, pakafunikwa kwa bati na rangi, hapamwonyi mtu. Ajuaye ni mimi peke yangu. Na watakaoketi nyuma ya gari lile siku ya mnada, mama na kuku wake, mtoto na mdogo wake, hao hawakuja kupatana bei nami, wala hawakupewa nafasi ya kuuliza. Kunyamazisha kitu bila kukiponya ni kuihamisha hatari kutoka kwa anayeijua na kuitua kwa asiyeijua. Sheria ikiniachia, dhamiri hainiachii.

Mteja alipofika nilimpa nyundo. Aligonga mwenyewe, akasikia, akaniangalia kwa muda. Alitaja bei iliyopungua kwa shilingi milioni 4, kisha akasema atafikiri, akaenda zake. Hakurudi. Dalali naye hajarudi. Mjukuu wangu alianza masomo kwa mkopo na kwa michango ya ndugu, na mwanangu hajakubaliana nami hadi leo. Anasema nililipa gharama ambayo hakuna aliyenidai. Simlaumu, maana sehemu kubwa ya gharama ile aliibeba yeye.

Kwenu ninyi vijana mnaoanza kazi ya ualimu, ambao huenda mkakisoma kitabu hiki kidogo, nawaachia haya. Darasa likipiga kelele, ulizeni inatokea lini kabla ya kuuliza inatoka kwa nani. Msifanye haraka kumkamata aliye karibu na sauti. Mkikipata chanzo, kitengenezeni, na kelele itakoma yenyewe. Lakini ikishakoma msiende kupumzika. Piteni tena dawati kwa dawati, mkiwagusa kwa swali dogo wale ambao hawajasema neno tangu muhula uanze, na msikilize namna wanavyoitika.