Je, Tulijinyima Bure?

Wapendwa wanandoa, wengi wenu mnajua jinsi habari hii inavyoingia nyumbani. Mama amekwenda kliniki mimba ikiwa na wiki 20 hivi, akapigwa picha ya ultrasaundi. Anarudi na karatasi mkononi na maneno machache: mtoto ni mzima, lakini kondo la nyuma liko chini. Asibebe vitu vizito. Yeye na mumewe wasikutane kimwili kwa sasa. Akiona damu, hata kidogo, aende hospitali saa hiyo hiyo. Akifikisha wiki 32 arudi apigwe picha nyingine.

Basi nyumba inabadilika. Baba anachota maji alfajiri kabla ya kwenda kazini. Watoto wakubwa wanaokota kuni. Usiku mume na mke wanalala kama ndugu na dada. Karibu miezi mitatu inapita hivyo. Kisha siku ya picha ya pili inafika na daktari anatabasamu: kondo limepanda, mama anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Wote wawili wanatoka wakimshukuru Mungu. Lakini ndani ya matatu, baba anasema kwa utani ambao si utani mtupu: "Mama watoto, kumbe tulijinyima bure."

Leo nataka tulitazame neno hilo, "bure". Je, upendo uliotolewa kwa ajili ya hatari ambayo haikufika umepotea? Swali hili si dogo, kwa sababu ndoa imejaa mambo ya namna hiyo.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Kondo la nyuma ndilo linalompa mtoto chakula na hewa kutoka kwa mama yake. Kwa kawaida hujishika sehemu ya juu ya mfuko wa uzazi. Mara nyingine hujishika chini, karibu na mlango wa kizazi, au juu ya mlango wenyewe. Mwisho wa mimba, ukingo wake ukiwa chini ya milimita 20 kutoka mlangoni, madaktari husema liko chini. Likiuziba mlango, mtoto hana njia. Mlango ukianza kufunguka, kondo hubanduka, na mama anaweza kupoteza damu nyingi kwa muda mfupi sana.

Hata hivyo, kati ya akina mama kumi wanaoambiwa katikati ya mimba kwamba kondo liko chini, takriban tisa hukuta limepanda kabla ya siku ya kuzaa. Kondo halitembei. Ni mfuko wa uzazi unaokua na kunyooka upande wa chini, nalo kondo likachukuliwa juu pamoja na ukuta wake. Wakati wa kuzaa, ni kama mama mmoja kati ya 200 tu ambaye kondo lake bado limeuziba mlango.

Bibi zetu hawakuwa na namna ya kujua mapema. Walijua damu ilipotoka, na pengine hapakuwa na gari wala daktari. Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake mjini Glasgow walichapisha picha za ndani ya tumbo zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti. Kutokana na kazi ya namna hiyo, leo tunaiona hatari miezi mingi kabla haijabisha hodi. Hiyo ni neema, lakini imetuletea na wajibu ambao wazee wetu hawakuwa nao: kujitunza dhidi ya jambo ambalo, kwa walio wengi, halitatokea.

Hapo ndipo mume wengi wanapojikwaa. Mke haumwi kichwa, hana homa, anacheka na majirani. Hata damu ya kondo lililo chini, ikitoka, mara nyingi hutoka bila maumivu yoyote. Baba anamtazama na kujiuliza, "Mtu huyu ni mzima. Mbona mimi ndiye nibebe mtungi?" Mama mkwe naye anaongeza lake: "Sisi tulilima mpaka siku ya kujifungua." Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndugu yangu, mwili wa mkeo ni kitanda usichokilalia. Siku mliyosimama mbele ya altare hukuahidi kumtunza katika ugonjwa unaouona tu. Kumwamini anapokuambia jambo usiloweza kulithibitisha kwa macho yako ni sehemu ya ahadi ile ile.

Lakini tusizidishe. Madaktari wa leo hawamwagizi kila mama mwenye kondo lililo chini alale kitandani mchana kutwa. Asiyetokwa na damu anaweza kutembea, kupika na kufanya kazi nyepesi; kulala siku nyingi bila kusogea huweza hata kugandisha damu miguuni. Kinachokatazwa ni kazi za sulubu. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na hiyo ni kazi ya sulubu. Nendeni kliniki pamoja, muulize: nini anaweza, nini hawezi, na mpaka lini? Mume aliyesikia kwa masikio yake hanung'uniki kama yule aliyeletewa habari.

Tuje kwenye jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Daktari akisema msikutane kimwili, mume wengine huzungumza juu ya haki ya ndoa na kumtaja Mtakatifu Paulo. Ni kweli, katika sura ya saba ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, Paulo anafundisha kwamba mke hana mamlaka juu ya mwili wake peke yake. Lakini wengi hukumbuka nusu ya fundisho. Papo hapo anasema vivyo hivyo juu ya mume, tena anakubali kwamba wawili wanaweza kupatana kujizuia kwa muda. Basi bwana, mwili wako nao ni wa mkeo. Ni wake wa kuchota maji, na ni wake wa kungoja. Mnaofuata mpango wa uzazi kwa njia ya asili mnajua kwamba kujizuia hakuzimi upendo. Mkono begani, mazungumzo kabla ya kulala, sala ya pamoja, haya hayakukatazwa na daktari yeyote. Mume anayetafuta kwingine kwa miezi hiyo hawezi kusema alisukumwa na kondo. Ni yeye aliyechagua.

Nawe mama, una sehemu yako. Usifiche damu kwa kuogopa kusumbua watu usiku au kumaliza pesa za nyumba. Usiseme, "Ni kidogo, itakoma." Damu ya kwanza hukoma mara nyingi, na inayofuata huenda ikawa nyingi. Ukienda kwa mkunga au kituo kipya, tangulia kusema kwamba kondo liko chini, ili mtu asikupime njia ya uzazi kwa vidole na kuamsha damu. Usijihukumu kwa kukosa Misa ya Jumapili ukiwa umeagizwa kupumzika. Kanisa halimlazimishi mtu mwenye sababu nzito, na jumuiya ndogo ndogo inaweza kuja kusali nawe nyumbani. Wala usigeuze agizo la daktari kuwa fimbo ya kumchapia mumeo. Naye amebeba hofu, ingawa wanaume wengi hawajui kuisema.

Na msitafutane makosa. Hali hii huonekana zaidi kwa mama aliyewahi kupasuliwa, aliyezaa mara nyingi, mwenye umri mkubwa kidogo, mwenye mapacha au anayevuta sigara. Lakini huja pia kwa mama asiye na lolote kati ya hayo. Si laana, si matokeo ya ugomvi wenu wa mwaka jana, si jicho la jirani.

Ngojeni, lakini msingoje mikono mitupu. Wekeni kando pesa za gari. Pataneni na jirani mwenye gari, au na mtu wa boda boda unayemwamini, kwamba mtampigia simu hata saa nane ya usiku. Jueni ni hospitali gani inayoweza kupasua na yenye damu ya kuongezea, kwa maana si kila zahanati inayo. Kama mnakaa mbali, fikirieni mama akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki za mwisho. Baba, nenda ukachangie damu, ukawaombe na wenzako wa jumuiya. Damu hupimwa kwanza kabla ya kupewa mgonjwa, kwa hiyo haipatikani kwa kufumba na kufumbua siku ya shida. Damu uliyotoa isipomfikia mkeo itamfikia mke wa mtu mwingine.

Kwa wale wachache ambao kondo halikupanda, neno langu ni fupi. Kondo likiwa limeuziba mlango, mama hujifungua kwa kupasuliwa, mara nyingi kati ya wiki 36 na 37 ikiwa hajatokwa na damu. Hapo hakuna swali la nani aachwe, mama au mtoto. Upasuaji uliopangwa mapema huwatafutia uzima wote wawili. Kuukataa kwa kusema "mimi nina imani" ni kumjaribu Mungu, ambaye ndiye aliyempa daktari mikono yake. Na mama aliyepasuliwa amezaa. Asiambiwe na mtu kwamba alipita njia ya mkato.

Sasa turudi ndani ya matatu, kwa baba yetu na neno lake "bure".

Mfikirie askari anayelinda duka usiku. Kumekucha, mwizi hakuja. Je, mwenye duka atamnyima mshahara? La. Alilipwa akeshe, si apigane na mwizi. Usiku ule alipokesha, kazi yake ilikuwa imekamilika. Vivyo hivyo wewe baba. Ulipochota maji mwezi wa kwanza, hakuna aliyejua kama mkeo yumo kati ya wale tisa au ni yule mmoja. Ulifanya lililo sawa kwa kadiri ya mwanga uliokuwa nao. Wema wa tendo hilo haukungoja picha ya pili ili uwe wema.

Tena tazama ulichopata. Mkeo sasa anajua jambo ambalo maneno matamu hayawezi kumthibitishia: kwamba mwili wake ukishindwa kufanya kazi na kukupa raha, bado ana mume. Siku moja utakuwa wewe uliyelala, pengine uzeeni, na yeye atakumbuka mitungi ile. Nao watoto wamemwona baba yao akibeba maji bila aibu.

Kuna njia moja tu ya kujinyima bure, nayo ni kujinyima kwa manung'uniko, ukihesabu kila siku kama deni ambalo mke atalilipa. Mwenye kuhesabu hivyo hata kondo lisipopanda ataona amepunjwa.

Kwa hiyo, baba, ukiulizwa zile wiki zilikwenda wapi, usiseme zilipotea. Sema, "Tulikesha, na asubuhi imefika salama."

Maswali ya kujadiliana jioni ya leo:

1. Ni lini mwenzangu aliniambia jambo la mwili wake nami sikumwamini?

2. Tukiambiwa tungoje miezi mitatu, kila mmoja wetu ataogopa nini zaidi?

3. Shida ikitokea usiku wa leo, tutampigia nani simu, na pesa za gari ziko wapi?