Mji Uliotegemea Buni

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Nehemia 1:1–4, 2:11–18, 5:1–13, Luka 13:1–5, Ezra 8:24–34, Yeremia 29:4–7, Habakuki 3:17–19.

Fungu la Kukariri: Yeremia 29:7. Kila mwanadarasa alisome katika Biblia yake na alihifadhi moyoni kabla ya Sabato.

Mgeni anayeshuka stendi ya Moshi asubuhi hawezi kusema kwamba mji huu umekufa. Barabara zimefagiwa, soko la Mbuyuni limejaa ndizi, na vijana wanawakimbilia watalii waliokuja kupanda Kibo. Lakini mwenyeji wa umri wa miaka 60 anauona mji mwingine ndani ya huu. Anajua kiwanda cha magunia kilikuwa wapi, na kiwanda cha ngozi, na ni nani wa ukoo wake aliyepata mshahara huko. Anajua kwamba ada yake ya shule ilitoka kwenye mibuni ya baba yake, na kwamba mibuni hiyo leo haipo.

Maandiko yana habari nyingi za miji iliyoanguka. Tiro ilizama pamoja na biashara yake (Ezekieli 27), na wafanyabiashara wa Babeli walisimama mbali wakilia (Ufunuo 18). Mara nyingi masomo hayo husomwa kwa kutazama mbele, kwenye siku za mwisho, na ni sawa. Juma hili swali liko karibu zaidi na nyumbani: mtu wa Mungu afanye nini anapoishi ndani ya mji ambao utajiri wake umeondoka, na watu wake bado wapo?

JUMAPILI
Kutazama Kabla ya Kusema

Soma Nehemia 1:1–4 na 2:11–18. Nehemia alifanya nini kabla ya kuwaambia wakuu wa mji neno lolote?

Habari za Yerusalemu zilipomfikia, Nehemia aliketi akalia. Alipofika mjini alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akiwa juu ya mnyama mmoja. Akapita lango baada ya lango akitazama. Mahali pengine kifusi kilikuwa kingi hata mnyama hakupata njia. Wengi huanza na lawama, na kutazama hawatazami kamwe. Nehemia alitaka kwanza kujua ukuta umebomoka wapi.

Kwa Moshi, kutazama kunaanzia juu, kwenye vihamba. Wamisionari waliileta kahawa mlimani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ikafika Moshi, na mazao ya mlima yakapata njia ya kwenda baharini. Walowezi wa Kizungu hawakupenda kuona Wachaga wakilima buni yao wenyewe. Ndiyo maana mwaka 1925 wakulima waliunda chama cha kutetea zao lao. Chama hicho kilipoingia katika shida za fedha, nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1933 na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro.

Haikuwa njia laini. Mwaka 1937, bei ilipokuwa mbaya na wakulima wakilazimishwa kuuza kupitia ushirika peke yake, ghasia zilizuka mlimani na watu wakayashambulia majengo ya vyama vyao wenyewe. Wanaosema kwamba zamani kila mtu aliuamini ushirika wameusahau mwaka huo. Hata hivyo chama kilisimama. Mkulima alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, akapata malipo ya kwanza, kisha akangoja ya pili na ya mwisho. Angeweza kungoja kwa sababu aliamini kwamba daftari limeandikwa sawasawa. Kwa fedha hiyo zilijengwa shule. Mjini palikuwa na kiwanda cha kukoboa kahawa na mnada wake, na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikafunguliwa hapo hapo Moshi. Mji mzima, kutoka mwenye duka hadi fundi cherehani, ulikula kutoka mti mmoja.

Kisha kifusi. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na ununuzi wa mazao ukapelekwa kwenye mamlaka za umma. Vyama viliporudishwa katika miaka ya 1980, desturi ya kusimamiana ilikuwa imekatika. Mwezi Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyogawa viwango vya kuuza kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka duniani kote. Miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini. Wakati huohuo ruzuku ya madawa iliondoka, na mibuni ya mlimani, iliyokuwa imezeeka, ikabaki mikononi mwa chulebuni na kutu ya majani. Mwaka 2001 bei ilikuwa chini kabisa. Wengine waliing'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya.

Mjini nako viwanda vya umma vilisimama kimoja baada ya kingine au vikauzwa. Treni ya abiria iliacha kuja, na ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20. Si kila kitu kilikufa: kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini kilibinafsishwa mwaka 2000 na kikainuka. Mtazamaji mwaminifu huandika na hilo pia.

JUMATATU
Mnara wa Siloamu

Soma Luka 13:1–5. Yesu alikataa wazo gani kuhusu watu wanaopatwa na msiba?

Katika mazungumzo ya kanisani baada ya ibada, jibu la haraka husikika: mlima ulimwacha Mungu, ukapenda pombe na fedha, ndipo Mungu akaukausha. Walio karibu na Yesu walifikiri hivyohivyo juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara. Yesu alikataa. Hawakuwa wakosaji kuliko majirani zao. Kisha akawageuzia wasikilizaji neno la toba, na wao hawakuwa wamelitegemea.

Mkulima wa Kibosho au Marangu hakuwepo kwenye kikao kilichovunja makubaliano ya kahawa mwaka 1989. Hakujua hata kilifanyika lini. Alichojua ni kwamba gunia lilelile, lililochumwa kwa mikono ileile, halikutosha tena ada ya mtoto mmoja. Jambo kama hilo limeipata hata miji mikubwa ya nchi tajiri. Detroit, mji wa magari huko Marekani, uliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Julai 2013, ukiwa na deni la takriban dola bilioni 18. Ulikuwa umesimama juu ya kiwanda cha aina moja kama Moshi ilivyosimama juu ya mti mmoja.

Kwa hiyo mtu asiwaambie wajane wa mlimani kwamba umaskini wao ni hukumu. Ila neno la Yesu lina upande wa pili, nao ndio somo la Jumanne.

JUMANNE
Shamba Lililowekwa Rehani

Soma Nehemia 5:1–13. Watu walimlalamikia nani, na kwa sababu gani?

Sura hii inashangaza kwa sababu ukuta ulikuwa unajengwa vizuri. Maadui wa nje walikuwa wameshindwa kuuzuia. Kilio kilitoka ndani. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa fedha ili walipe kodi ya mfalme. Watoto wao walikuwa wanaingia utumwani. Na wadai wao hawakuwa Waajemi. Walikuwa Wayahudi wenzao, watu wa jamaa moja, ambao huenda asubuhi walibeba mawe ya ukuta bega kwa bega na wadaiwa wao.

Nehemia alikasirika sana. Lakini hakusema palepale. Alishauriana na moyo wake kwanza, halafu akawakabili wakuu mbele ya mkutano wote. Hakuomba wasikitike. Alitaka mashamba yarudishwe siku ileile, pamoja na riba, nao wakala kiapo mbele ya makuhani.

Mlima una kilio kinachofanana na hiki. Soko la dunia lilibomoa sehemu ya ukuta, lakini sehemu nyingine ilibomolewa kutoka ndani. Vyama vilikopa wakati bei ilipokuwa ikishuka, na deni likabaki kwa wanachama ambao hawakuulizwa. Mikutano mikuu ikawa ya kupiga makofi. Kule Kagera wana neno butura, yaani kuinunua kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu mwenye shida ya leo. Anayenunua hivyo ana maelezo mazuri: amemsaidia jirani, mtoto amepelekwa hospitali. Wakuu wa Yerusalemu nao walikuwa na maelezo. Mstari wa 8 unasema walinyamaza, hawakuwa na la kujibu.

Je, mshiriki wa kanisa anaweza kutoa zaka kamili kutokana na faida ya namna hiyo? Darasa lisiliruke swali hili.

JUMATANO
Fedha Iliyopimwa Mara Mbili

Soma Ezra 8:24–34.

Ezra alikuwa na safari ya miezi minne, na mzigo wa fedha na dhahabu ya hekalu. Alikuwa ameona haya kumwomba mfalme askari, akaomba ulinzi kwa Mungu kwa kufunga. Mtu wa imani kubwa kiasi hicho angeweza kusema: sisi sote ni watumishi wa Bwana, hakuna haja ya kuhesabu. Ezra alichagua makuhani 12, pamoja na Walawi, akawapimia kila kitu kwa mizani. Walipofika Yerusalemu vilipimwa tena, vikahesabiwa, na uzito wote ukaandikwa.

Imani yake kwa Mungu haikuiondoa mizani. Wala mizani haikuwa tusi kwa makuhani, iliwalinda. Kuhani ambaye mzigo wake ulipimwa mara mbili hakuna awezaye kumsingizia. Mweka hazina anayechukia kuulizwa anajinyima ulinzi huo, iwe ni katika chama cha msingi, SACCOS, kikoba cha akina mama au kanisa lenyewe.

ALHAMISI
Amani ya Mji

Soma Yeremia 29:4–7. Mungu aliwataka wahamishwa wafanye nini katika mji ambao hawakuuchagua?

Mibuni ilipokwisha, vijana waliondoka. Hilo si kosa. Wachaga wamekuwa wafanyabiashara kwa vizazi vingi. Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari, na mlima hujaa watu. Januari wanarudi walikotoka. Nyumba nzuri za ghorofa zinabaki zimefungwa ndani ya vihamba, na bibi anabaki na mlinzi na ndizi zake.

Waliohamishwa Babeli walikuwa na mji wawili mioyoni mwao pia. Manabii wa uongo waliwaambia wasifungue mizigo, kwa maana kurudi ni karibu. Barua ya Yeremia iliwaagiza wajenge, wapande bustani, waoe, na waombee mji wanaokaa, kwa maana hali yao imefungwa pamoja na hali yake. Waadventista wanaongojea mji ulio bora wanaweza kuwa na jaribu la kuishi kama watu wasiofungua mizigo. Wamisionari wa kwanza wa Kiadventista waliofika nchi hii mwaka 1903 walipanda milima ya Upare hadi Giti wakitarajia marejeo ya Kristo yaliyo karibu sana. Wakafungua shule. Hawakuona kwamba matarajio hayo yanapingana na kufundisha mtoto kusoma na kuhesabu.

Kuuombea Moshi ni pamoja na kuhudhuria mkutano mkuu wa chama cha msingi na kusoma hesabu kabla ya kunyoosha mkono. Ni kupanda miche mipya ya buni inayostahimili magonjwa, ambayo watafiti wa Lyamungu wameitoa, kwa ajili ya mjukuu. Ni kukataa kupunja mizani ya mwenzako hata kama chama kizima kinapunja.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma sura zinazomhusu Nehemia katika kitabu cha Ellen G. White, Manabii na Wafalme. Kisha soma Habakuki 3:17–19 polepole. Nabii anataja mtini, mzabibu, mzeituni, mashamba, kondoo na ng'ombe. Hakuna hata kimoja anachokibakiza. Uchumi wote wa Yuda umo ndani ya mstari mmoja, na wote umekauka. Hasemi kwamba utarudi. Furaha yake ameiweka mahali ambapo bei haifiki. Mkulima aliyeona buni ikianguka anaweza kulielewa fungu hili kuliko mchungaji aliyelihubiri.

Maswali ya Kujadili

1. Kati ya mambo yaliyoiangusha kahawa ya Kilimanjaro, ni yapi yaliyokuwa nje ya uwezo wa wakulima, na ni yapi yaliyokuwa mikononi mwao? Kwa nini ni hatari kuyachanganya?

2. Nehemia aliwakabili wakopeshaji mbele ya watu wote. Je, kuna desturi ya mikopo au ya ununuzi wa mazao miongoni mwa washiriki wenu ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeisema?

3. Mzee mmoja ana kihamba chenye mibuni michache iliyozeeka. Watoto wake wa mjini wanamshauri aing'oe. Yeye hataki, kwa sababu mibuni hiyo ndiyo iliyowasomesha. Anakuja darasani kwenu kuomba ushauri. Mtamwambia nini, na nani kati yenu atakwenda naye shambani?