Ndege Ndogo na Ahadi Kubwa

Tarehe 16 Julai 1999 ilikuwa Ijumaa. Ni majira ya joto Marekani, na barabara zitokazo New York zimefurika magari ya watu wanaokimbilia baharini kupumzika. Katika msongamano huo alikuwemo John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa yule Rais aliyeuawa Dallas mwaka 1963. Kesho yake binamu yake Rory alikuwa anaolewa Hyannis Port, kwenye makazi ya ukoo wao. Kennedy alikuwa na ndege yake mwenyewe, Piper Saratoga ya injini moja, na safari ilikuwa ya watu watatu: yeye, mkewe Carolyn, na shemeji yake Lauren, ambaye wangemshusha kwanza kisiwani Martha's Vineyard.

Walichelewa. Hadi ndege inaacha ardhi katika kiwanja kidogo cha Essex County, New Jersey, ilikuwa saa mbili na dakika 38 usiku, na jua lilikwisha kuzama.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nasikia watu wakimwita Kennedy kijana wa kitajiri aliyeichezea roho yake. Sikubaliani nao. Alipata leseni ya urubani Aprili 1998, na hadi siku ile alikuwa na saa zipatazo 310 za kuruka, 55 kati ya hizo zikiwa za usiku. Njia ile ya kwenda visiwani aliijua: alikuwa ameipita zaidi ya mara 30. Tatizo ni kwamba ndege yenyewe alikuwa ameinunua miezi michache tu nyuma. Wachunguzi walipokokotoa saa alizoirusha bila mwalimu pembeni, walipata kama tatu, na za usiku hazikutimia hata saa moja. Tena hakuwa na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo pekee. Kisheria alitakiwa kuona nje. Mmoja wa walimu wake alizungumza naye siku ileile. Kennedy akamwambia kwamba safari hii anataka kuiendesha mwenyewe.

Akapita kandokando ya pwani ya Connecticut, taa za miji zikiwa chini yake kama shanga. Alipofika Rhode Island aliiacha nchi kavu akakata baharini, kiasi cha kilomita 50 za maji. Usiku ule hewa ilikuwa na utando, si mvua wala wingu, ni ule ukungu mwembamba wa joto unaofuta mstari kati ya bahari na mbingu. Rubani mwingine aliyepita eneo hilo jioni ile alitazama chini kutafuta taa za Martha's Vineyard, asione hata moja, akadhani labda umeme umekatika kisiwani. Umeme ulikuwepo. Kisiwa kilikuwa palepale. Jicho ndilo lilikuwa halioni.

Hapo ndipo sikio linapomsaliti mtu. Ndani ya sikio kuna vifereji vyenye majimaji vinavyotuambia kichwa kinapogeuka au kulala upande. Ukiwa chini, macho husahihisha kosa la sikio kabla hujalitambua. Ukiwa hewani gizani, bila upeo wa kuutazama, ndege huanza kulala upande polepole, majimaji yakatulia, na mwili ukaapa kwamba uko sawa. Rubani akijaribu kunyoosha anahisi ndiyo kwanza anapinda, basi huirudisha palepale pa kumuulia. Dawa yake ni moja, kuviamini vyombo na kuukana mwili, na dawa hiyo mtu hajifunzi siku ya kuihitaji. Rada ilionyesha ndege ya Kennedy ikishuka, ikipanda kidogo, ikigeuka, kisha ikaporomoka kwa kasi inayozidi mita 1,400 kwa dakika. Ilikuwa saa tatu na dakika 41. Siku tano baadaye wapiga mbizi waliitoa miili ya wote watatu baharini.

Ripoti ya wachunguzi ilitoka Julai 2000. Injini haikuwa na kasoro. Usukani haukuwa na kasoro. Ndege ilikuwa hata na kifaa cha kujiendesha. Wakaandika kwamba rubani alishindwa kuimudu ndege ilipokuwa ikishuka juu ya maji usiku kwa sababu alipotewa na mwelekeo, na kwamba ukungu na giza vilichangia.

Sina ubishi na ripoti hiyo. Ila ninaposoma ule mfululizo wa saa na dakika, naona kitu ambacho fundi wa ndege hawezi kukikagua: harusi kesho, mke tayari, shemeji tayari, watu wanangoja upande wa pili, nasi tumekwisha chelewa. Katika hali hiyo ni nani atakayesimama kwenye lami, funguo mkononi, aseme hatwendi? Ndege ndogo ikishabeba familia hubeba na ahadi, na ahadi haina uzito unaosomeka kwenye mizani.

Miaka mitatu kabla yake, tarehe 11 Aprili 1996, ilianguka ndege nyingine ndogo, Cessna, mjini Cheyenne, jimbo la Wyoming, ikiwa na mtoto wa miaka saba, Jessica Dubroff, baba yake, na mwalimu wa urubani. Baba alitaka binti yake avuke Marekani kwa ndege, na vyombo vya habari vilikuwa vinawasubiri kila kituo. Kulikuwa na mvua na ngurumo zikiusogelea uwanja. Ndege ilizidi uzito unaoruhusiwa kwa kilo kama 44, tena uwanja wenyewe uko juu sana. Iliinuka, ikageuka, ikaanguka. Wote watatu wakafa. Wachunguzi waliitaja waziwazi ile ratiba iliyobanwa kuwa mojawapo ya sababu.

Nimemtaja Jessica kwa makusudi, kwa kuwa Cheyenne uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,870 hivi, na uwanja wa Wilson hapa Nairobi uko mita 1,690. Sisi wa Nairobi tunaotamani kuwapeleka watoto Malindi, Lamu au Diani kwa kindege cha kukodi au cha kuazima kutoka klabu tunaanzia pahali pagumu kuliko tunavyodhani. Hewa ya juu ni nyepesi. Ikipata jua la mchana inazidi kuwa nyepesi. Siku ya nyuzi 26, ndege iliyosimama Wilson hujiona kama iko mita 2,500, na injini ya kawaida hapo imekwisha poteza karibu robo ya nguvu zake. Itatumia lami nyingi kuondoka, na ikiondoka itapanda kwa shida.

Sasa tuihesabu familia. Chukua Cessna 172S, ndege inayofahamika mno katika shule za urubani duniani kote. Ina viti vinne, na viti vinne ndivyo vinavyowadanganya akina baba. Uzito wake wa mwisho wa kupaa ni kilo 1,157. Yenyewe ikiwa tupu huwa na kilo 750 hadi 780. Jaza mafuta, lita 200, hizo ni kilo nyingine 145. Kinachobaki ni takribani kilo 250. Toa mizani ya bafuni uiweke sebuleni, mpandishe kila mtu akiwa na viatu. Baba 92. Mama 71. Mtoto wa kidato 48. Mdogo wake 36. Jumla 247. Zimebaki kilo tatu, na hapo hamjapakia hata kanga, wala maji ya kunywa, wala ile zawadi ya bibi iliyofungwa kwenye kiroba tangu jana.

Unaweza kupunguza mafuta. Hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 420, hadi Lamu kama 470, na ndege hiyo hula lita 32 hadi 35 kwa saa. Mahesabu yanaweza kukubali. Lakini uliza kwanza kama huko uendako utapata mafuta ya kurudia, kwa maana ndege hizi hazinywi mafuta ya jeti, zinataka avgas, yaani petroli ya ndege, na si kila kiwanja kinaiuza. Mafuta uliyoyaacha Nairobi ili begi liingie ni yaleyale yatakayokuweka hewani ukikuta mvua imesimama juu ya kiwanja. Mimi naona begi lipelekwe na basi siku moja kabla. Ni mia kadhaa za shilingi, na begi halina haraka.

Kwenda, hata hivyo, si tatizo kubwa. Siku ya kwenda kila mtu ana subira, maana likizo ndiyo inaanza. Hatari iko siku ya kurudi. Jumapili, watoto wana shule kesho, baba ana mkutano saa mbili asubuhi, pesa zimekwisha na chumba cha hoteli kimeshachukuliwa na wengine. Kama ni Agosti, kusi linavuma na mawingu ya chini yanaweza kuifunika Nairobi asubuhi nzima, milima ya Ngong isionekane. Basi mnangoja Malindi hadi mawingu ya bara yafunguke. Saa nne bado, saa sita bado. Ikifika saa kumi na moja mtu anasema sasa tunaweza. Safari ya ndege kama hii ni zaidi ya saa mbili, na wala huku kwetu hakuna jioni ndefu kama ya Ulaya: jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na nusu saa haipiti kabla giza halijafunga. Chelewa kidogo tu kwenye mafuta, chelewa kidogo kwa mtoto aliyeomba kwenda haja, na tayari umejikuta juu ya Tsavo, ambako chini hakuna taa hata ya kijiji, mbele kuna wingu, na nyuma yako mtoto anauliza tumefika?

Hapo ndipo alipokuwa Kennedy. Bahari yake ilikuwa maji, yako ni nyika, lakini giza ni lilelile.

Watu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya injini kubuniwa. Jahazi la kwenda Arabuni halikung'oa nanga kwa sababu mwenye mali alikuwa na miadi. Lilingoja upepo ugeuke, kusi liwapeleke, kaskazi liwarudishe, na aliyekuwa na haraka alikaa bandarini na haraka yake. Wakatuachia neno fupi, kawia ufike. Leo tumeligeuza kuwa maandishi ya nyuma ya lori, tukayapita kwa mwendo wa kasi.

Kwa hiyo kama una leseni, au una rafiki mwenye leseni aliyejitolea kuwapeleka, usianze mpango kwa ramani. Anza mezani, wote mkiwa mmekaa, siku nyingi kabla. Waambie: huenda Jumamosi tusiruke, na huenda Jumapili tusirudi. Mkubaliane kabisa kwamba rubani akisema hapana, hakuna atakayemuuliza mara ya pili, si mke, si shemeji, si mtoto anayelia. Mwekee siku mbili za ziada upande wa kurudi, na umwambie bosi wako Alhamisi kwamba Jumatatu unaweza usiwepo. Weka kando nauli ya treni ya Mombasa hadi Nairobi kwa watu wote, taslimu, kwenye bahasha ya peke yake, isiguswe hata kwa samaki wa kupaka. Rubani anayejua kwamba bahasha ile ipo hupima mawingu kwa jicho jingine. Asiye nayo hutazama wingu akaona kazi ya Jumatatu.

Nawe mke au mume unayekaa kiti cha pembeni, usijione mzigo. Ukiona jua limeshuka na mwenzio anatazama saa kuliko anavyotazama mbingu, una haki ya kufungua mlango na kuteremka na watoto wako. Carolyn na Lauren Bessette hawakuwa na leseni, hawakuwa na ramani magotini, walikuwa wamekaa nyuma wakimwamini mtu waliyempenda.

Huko Hyannis Port, wageni wa harusi walikuwa wamekwisha wasili na hema lilikuwa limesimikwa. Badala ya kufunga ndoa, wakalitumia kwa ibada ya maombi huku mabaharia wakitafuta mabaki ya ndege. Harusi ile, ambayo kwa ajili yake watu watatu walipaa usiku, iliahirishwa. Ilifungwa tarehe 2 Agosti 1999, siku 16 baada ya ile iliyopangwa.