"Sorry" ya pole au ya msamaha?

Miaka michache iliyopita niliandika habari ya mgogoro wa nyumba, nikaweka picha ya mtu asiyehusika kabisa: mama mmoja muuza vitenge, jirani tu. Wiki nzima watu wakawa wanamuuliza amemdhulumu nani. Nikaenda dukani kwake. "Sorry sana, mama," nikasema. Akaniangalia. "Sorry ya kunipa pole, mwanangu, au ya kuniomba msamaha?"

Nilibaki kimya.

Kiswahili kinatenganisha mambo haya. Pole tunampa yeyote: aliyejikwaa, aliyefiwa, hata aliyetoka kazini. Hatuulizi nani kasababisha. Msamaha ni habari nyingine. Pole tunatoa, msamaha tunaomba, na anayeomba anaweza kunyimwa.

Kiingereza kimeyafunga yote mawili kwenye "sorry". Asili yake ni neno la kale la maumivu, lile lile lililozaa "sore", yaani kinachouma. Kwa hiyo unaweza kusema "sorry" ukimaanisha tu kwamba inauma, bila kusema nani kaumiza. Sisi tukimwambia Mwingereza aliyejikwaa "sorry", anatujibu kwamba si kosa letu. Anadhani tunaungama, kumbe tunampa pole.

Wakubwa wanaijua sana tofauti hiyo. Juni 2013 serikali ya Uingereza ililieleza Bunge lake kwamba inasikitishwa na mateso waliyofanyiwa Wakenya wakati wa Mau Mau, ikakubali kuwalipa zaidi ya watu 5,000, lakini ikaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alizungumza Nairobi kuhusu huzuni na majuto yake. Msamaha hakuomba. Siku iliyofuata, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mahali walikonyongwa mashujaa wa Maji Maji, akaomba msamaha waziwazi.

Mtu atasema maneno ni maneno tu, wafu hawarudi. Kweli. Lakini angalia nani anabaki na mamlaka. Anayetoa pole anaondoka amemaliza. Anayeomba msamaha anamwachia aliyekosewa neno la mwisho, na nadhani hicho ndicho tunachokiogopa, wafalme na waandishi wa habari vilevile.

Pale dukani nilijaribu tena. "Naomba msamaha, mama. Picha niliiweka mimi, na sikuuliza."

"Haya. Kaandike hivyo hivyo gazetini."

Niliandika. Yakatoka masahihisho ya mistari minne, ukurasa wa ndani, wakati kosa lilikuwa ukurasa wa mbele. Nikipita dukani kwake tunasalimiana vizuri. Hajawahi kuniambia kama amenisamehe, nami sina haki ya kumuuliza.