Samweli Atoa Hesabu

Mafundisho juu ya utawala, 1 Samweli 12:1–5

Katika mlango wa 12 wa Kitabu cha Kwanza cha Samweli twamwona mzee mwenye mvi akisimama mbele ya mkutano wa Israeli. Mfalme amekwisha kutawazwa, na kazi ya mwamuzi imefika mwisho wake. Samweli angeweza kwenda zake Rama akapumzike. Walakini hakwenda kabla ya kufanya jambo ambalo mwenye cheo halifanyi kwa urahisi. Aliwauliza watu kama yuko aliyetwaliwa naye ng'ombe au punda, kama yuko aliyeonewa, kama yuko aliyempa kitu cha siri ili asiione haki. Naye akaahidi kumrudishia kila mwenye kudai.

Angalieni uso wake ulielekea wapi. Mfalme mpya alikuwapo, lakini alikuwapo kama shahidi tu. Hesabu ilitolewa kwa wakulima na wachungaji wa mbuzi, mbele za Mungu. Tena tukumbuke kwamba mzee huyu alikuwa na fedheha nyumbani mwake: wanawe, aliowaweka kuwa waamuzi Beer-sheba, walipenda fedha na kupotoa hukumu (mlango wa 8). Watu walijua. Hata hivyo hakujificha nyuma ya mvi zake, wala hakusema ya kwamba mtu mzima haulizwi.

Sisi wa pwani ya Kilwa na Lindi tumepata kuona majina mengi ya watawala: sultani, diwani, jumbe, liwali, akida, Bwana Shauri; kisha mkuu wa wilaya, mwenyekiti, mtendaji. Maneno ya utawala twayatumia kila siku, hata yamekuwa kama zile sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zinazookotwa mchangani: zimesuguliwa, na maandiko yake hayasomeki tena. Ni vema tuyasome upya machache.

Twaanza na neno raia. Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kundi la wanyama wenye mchungaji. Basi aitaye watu raia amekwisha kukiri, ajue asijue, kwamba yeye ni mchungaji. Na nabii Ezekieli (mlango wa 34) ametuonyesha jinsi Mungu anavyowauliza wachungaji wanaojilisha wenyewe. Pwani yetu ina hati moja ya kutisha juu ya jambo hilo. Mwaka wa 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja, na juu ya hizo Sultani apewe piasta mbili kwa kila kichwa. Mkataba uliandikwa vizuri, na ahadi zikawekwa. Hesabu ilikuwapo, lakini ilikuwa hesabu ya wanunuzi na wauzaji. Waliohesabiwa hawakuulizwa neno.

Neno diwani nalo lina siri. Zamani lilikuwa jina la daftari, yaani kitabu cha kuandikia fedha za hazina na majina ya watu wenye haki ya kupokea. Baadaye likawa jina la baraza la wenye daftari, na huku kwetu Mrima likawa cheo cha mkubwa wa mji. Leo diwani ni yule tunayemchagua katika kata aketi katika halmashauri ya wilaya. Basi diwani asiye na daftari ni kama kisima kisicho na maji. Jina lipo, na wenye kiu wanarudi na ndoo tupu.

Na hongo je? Zamani za misafara hongo ilikuwa ushuru, nayo ililipwa mchana mbele ya watu, kwa mwenye nchi, ili msafara upite salama. Leo ni fedha ya gizani. Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mashahidi wameondolewa. (Hata siasa, ambayo leo twaihofu kama moto wa nyika, kwa wazee wetu ilikuwa na maana ya upole na taratibu. Mwambieni kijana hayo wakati wa kampeni, mwone atakavyocheka.)

Sasa na tumtazame mtawala mmoja aliyesifiwa sana. Mwaka wa 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu'l-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Msafiri asimulia kwamba siku moja, Sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja alimwomba nguo zile alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akampa fakiri zile za kwanza. Watu wakastaajabu kwa unyenyekevu wake. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi. Naye Sultani aliposikia watu walivyolisifu tendo hilo, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Habari hii ni nzuri, tena ni chungu. Ni nzuri kwa kuwa mkubwa alivua joho lake kwa ajili ya maskini. Ni chungu kwa kuwa watu ishirini walitolewa kama zawadi, wala hapana aliyewauliza majina yao. Na iko habari ya tatu, ambayo wasomaji wengi huipita: Sultani huyo alipokufa, ndugu yake Daudi alitawala mahali pake, naye aliwafukuza waombaji, akiwaambia kwamba mwenye kutoa amekwisha kufa. Ukarimu ulikuwa ndani ya moyo wa mtu mmoja, nao ulizikwa pamoja naye. Waombaji hawakuwa na daftari la kuonyesha, wala haki ya kudai. Walikuwa na sifa za marehemu tu.

Ndugu, twaandika hayo kwa sababu katika nchi yetu takrima iliwahi kuwa neno la sheria. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka wa 2000 yalimruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa kufuata desturi. Mwaka wa 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba ruhusa hiyo yapingana na Katiba. Mahakama ilifanya kazi yake. Lakini desturi haisomi hukumu za mahakama. Bado yuko mtu apokeaye khanga na kilo ya sukari, akasema, Bwana huyu ni mkarimu. Hatukatai ukarimu. Lakini twauliza, fedha ile imetoka wapi, na baada ya uchaguzi itarudishwa na nani? Neno kura lenyewe, katika asili yake, ni kura ile ile waliyopiga mitume walipotafuta mtu wa kushika mahali pa Yuda (Matendo 1), baada ya kuomba kwanza. Mathiya hakugawa kitu.

Twaja sasa kwa akida, na hapa yatupasa kwenda polepole, maana makaburi ni mengi. Akida katika asili yake alikuwa mkubwa wa askari. Serikali ya Wajerumani, au Wadachi kama wazee walivyowaita, iliwaweka maakida juu ya majumbe, wengi wao wageni katika nchi waliyopewa kuitawala. Akida alikusanya kodi, aliamua mashauri, aliwatoa watu kwenda kazini. Kisha ikaja amri ya pamba. Kila mahali pawe na shamba la amri, na watu walilime chini ya jumbe na akida, hata wakati ambapo mashamba yao wenyewe yalihitaji mikono. Katika wilaya ya Dar es Salaam wafanya kazi walipewa senti 35 kwa kazi ya msimu wa kwanza; wengine walikataa kuzipokea.

Je, akida hakutoa hesabu? Alitoa sana. Alihesabu mizigo ya pamba, rupia za kodi na vichwa vya watu, akapeleka hesabu bomani. Lakini uso wake ulielekea juu tu. Hapakuwa na siku ambapo alisimama mbele ya watu wa Umatumbi, kama Samweli, akauliza ni kuku wa nani aliyetwaliwa. Naye jumbe alibanwa katikati: asipoleta watu, alipigwa na wakubwa, akiwaleta, alichukiwa na ndugu zake.

Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, bara ya Kilwa, watu waling'oa mashina ya pamba. Ndivyo vilivyoanza vita vya Majimaji. Kinjikitile wa Ngarambe, aliyewapa watu dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti; vita havikunyongwa pamoja naye. Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini na wenzake wanne waliuawa tarehe 14 Agosti katika safari ya kutoka Kilwa kwenda bara. Kisha serikali ikachoma vijiji na vyakula, na njaa ikamaliza wale waliosalia risasi. Wajerumani walikisia wafu 75,000. Wako wanahistoria wanaotaja 250,000 au hata 300,000. Wengi walikuwa watoto na wanawake ambao hawakung'oa shina lo lote.

Hatuandiki ili kuwatukuza wenye mikuki, wala hatusemi dawa ile ilikuwa ya kweli. Twasema kwamba watu wasio na mahali pa kuuliza habari za pamba waliiuliza kwa kuing'oa.

Tangu siku hizo maneno yamegeuka mara nyingi. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961; na katika miaka ya 1960 chama kilipozipanga nyumba kumi kumi, kila kumi lilipata kiongozi, ambaye wengine walimwita balozi na wengine mjumbe. Tazameni maneno haya mawili, jumbe na mjumbe. Jumbe alikuwa mkubwa wa mji. Mjumbe ni mtu aliyetumwa. Aliyetumwa hana budi kurudi kwa waliomtuma na kuwaeleza alivyofika na alivyojibiwa.

Nayo sheria ya serikali za mitaa ya mwaka wa 1982 imetupa chombo ambacho babu zetu wa Umatumbi hawakuwa nacho. Katika kila kijiji uko mkutano mkuu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mtu wake. Halmashauri ya kijiji, yenye watu 15 hata 25, hutokana na mkutano huo na kuujibu. Mwenyekiti huchaguliwa na watu, mtendaji huajiriwa. Hatusemi mtendaji ni akida, la hasha; wako watendaji waadilifu ambao twawaombea. Lakini kila aajiriwaye na wa juu hushawishika kutazama juu, na dawa yake ni watu waliokuja mkutanoni, si watu waliobaki barazani wakinung'unika.

Siku hizi mambo ya kuhesabiwa yamekuwa makubwa. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka wa 1974, imekuwa ikipita katika bomba hata Dar es Salaam tangu 2004. Katika wilaya ya Kilwa viko vijiji vyenye misitu yao wenyewe ya mpingo na miti mingine, navyo huuza magogo kwa jina la kijiji. Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji wa misitu mwaka wa 2009. Hizo ni fedha za darasa, za zahanati, za kisima. Basi Mkristo anayesema, Mimi mambo ya serikali siyajui, najali ya mbinguni, ajue kwamba gogo lililouzwa bila kuandikwa ni madawati ya mtoto wa jirani yake, na jirani huyo yaelekea ni Mwislamu, aliyelima naye na kuzika naye.

Tena asiseme amefundishwa hivyo na kanisa la Kilutheri. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka wa 1529 Martin Luther alieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, lile la mkate. Na katika mambo aliyoyahesabu kuwa mkate wa kila siku, pamoja na chakula, nguo, nyumba na jirani wema, ameiweka serikali njema. Tuliikariri habari hiyo tulipokuwa watoto wa kipaimara. Basi kila tuombapo mkate twaombea pia daftari la kijiji, na aombaye mvua hulima shamba lake.

Lakini mtume Petro aandika ya kwamba hukumu huanzia katika nyumba ya Mungu. Kwa hiyo twawasihi wazee wa kila usharika: kabla hamjaenda kumwuliza mwenyekiti habari za magogo, fungueni kwanza daftari lenu. Sadaka za mwaka, fedha za mabati, mavuno yaliyonadiwa, yote yasomwe baada ya ibada, kwa sauti, na kwa lugha ambayo bibi aketiye karibu na mlango aifahamu. Mhazini asimame mahali pa Samweli, uso wake uelekee viti vya watu, wala asimsomee mchungaji peke yake. Akimaliza kusoma, asifunge kitabu upesi. Na mjane mmoja akiinua mkono kuuliza habari za kuku wake aliyemleta siku ya mavuno, atafutiwe ukurasa, aambiwe kuku yule alinunuliwa kwa shilingi ngapi, na shilingi hizo zilitumika wapi.