Nani Aliyeonyesha Njia?

Je, ni haki kumfundisha mtoto aibu ya babu yake? Swali hili ni jepesi kwa mtu ambaye hajapata kusimama mbele ya darasa. Mwalimu wa historia hulikuta kila mwaka anapofika kwenye mada ya biashara ya watumwa, na kila mwaka hulijibu, hata kama jibu lake ni kunyamaza. Maana kunyamaza mbele ya watoto nako ni kufundisha.

Nimefanya kazi ya ualimu maisha yangu yote, na miaka ya mwisho niliongoza chuo cha ualimu. Katika muda huo niliona mada ya utumwa ikifundishwa kwa namna moja karibu kila mahali. Mwalimu huandika ubaoni sababu, njia na matokeo. Huchora ramani yenye mishale inayotoka bara na kuishia Pangani, Bagamoyo na Kilwa, kisha kuvuka maji hadi Unguja. Humtaja Seyyid Said na mashamba ya karafuu, hutaja mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, na kanisa kuu la Mkunazini lililojengwa mahali pa soko hilo. Yote hayo ni kweli. Lakini mshale ule wa ramani huanzia mahali patupu. Hauanzii kijijini, wala mlangoni mwa nyumba, wala kwenye mkono wa mtu aliyemshika mwenziwe.

Mwaka mmoja nilikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari ya wilaya hizi zetu. Nilikaa nyuma ya darasa na andalio lake la somo mkononi. Kijana alifundisha vizuri, sauti yake ilisikika na ubao wake ulikuwa safi. Ndipo msichana mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, wageni hao walijuaje njia za huku kwetu? Nani aliyewaonyesha?" Kijana alinitazama mimi, kisha akatazama saa yake, akasema swali hilo litajibiwa kipindi kijacho.

Tulipokaa nje kuzungumza, aliniambia: "Mkuu, jibu nalijua. Lakini humu darasani wamo wajukuu wa majumbe, na wamo watoto ambao mtaani husemwa kwamba bibi yao alinunuliwa. Nikijibu, wakati wa mapumziko nitakuwa nimewapa wenzao tusi la kuwatukania." Sikumkaripia. Hofu yake haikuwa ya mvivu, ilikuwa hofu ya mtu mwenye utu. Hata hivyo nilimwambia, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwamba utu wake ulikuwa umesimama upande usiofaa.

Kwanza tulitazame jibu lenyewe, kwani halitoki mbali. Mzee Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambaa kutoka Vuga mpaka alipofariki mwaka 1862. Baada yake, wana na wajukuu waligombania nchi. Mmoja wa wanawe, Semboja, aliweka makao yake Mazinde, ambako leo ni wilaya ya Korogwe, kwenye bonde ambalo misafara ya biashara ilipita. Palipo misafara palikuwa na bunduki na baruti, na bunduki hazikutolewa bure. Zililipiwa kwa pembe za ndovu, na zililipiwa kwa watu. Wanawake na watoto walikamatwa mashambani na njiani, wakapelekwa pwani. Wageni walikuwepo, na fedha ilikuwa yao. Lakini mtu aliyejua nyumba ipi ina watoto wangapi, na saa ngapi mama huenda mtoni, hakuwa mgeni.

Tukivuka Mto Pangani kuelekea Handeni, habari inakuwa nzito zaidi. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Uzigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula. Masimulizi ya vizazi vyao yanasema kwamba wengi waliahidiwa kazi kwa chakula na kwamba mvua zikirudi nao watarudi. Wakapakiwa majahazini, wakajikuta watumwa katika pwani ya Benadir, huko Somalia. Njaa hiyohiyo iliwafanya wengine wauze watu wa nyumbani mwao. Na Wazigua haohao, kwa kuwa walikuwa karibu na pwani na walipata bunduki mapema kuliko majirani wao, walikuwa na wakubwa waliowateka Wabondei na Wasambaa. Katika kizazi kimoja, kabila moja lilikuwa muuzwa na muuzaji. Mtu anayetaka kuligawa darasa lake mafungu mawili, wakosaji huku na wakosewa kule, atautafuta mpaka na hatauona.

Tena tusidhani kwamba mkono ule ulikuwa wa kwetu peke yetu. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 balozi mdogo wake wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, alifika Unguja. Wamarekani walileta kitambaa cha pamba ambacho babu zetu walikiita merikani, na kitambaa hicho kikawa kama fedha katika njia zote za bara. Pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini, na wakati huo hesabu ya watu ya mwaka 1830 ilionyesha kwamba Marekani ilikuwa na watumwa zaidi ya milioni mbili. Kufikia 1860 walikuwa karibu milioni nne. Basi pamba iliyochumwa na mtumwa wa kule ilifika huku ikiwa kitambaa, na kitambaa hicho kilinunua, pamoja na pembe na sandarusi, watu wa huku. Waters mwenyewe alikuwa Mkristo mchaji aliyeuhuzunikia utumwa katika shajara yake. Biashara aliifanya vilevile. Huzuni bila kuacha faida ni jambo la kawaida sana katika habari hii, na si la Wamarekani tu.

Sasa nizipime hoja za wanaotaka tunyamaze, kwani ni watu wenye busara na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza husema kwamba maneno haya yatachochea chuki. Tanzania ilijengwa juu ya umoja, na sisi walimu tuliosoma na kufundisha wakati wa Mwalimu Nyerere tulifunzwa kuuona ukabila kama sumu. Nakubali. Lakini hebu tuulize: tusi la "mtwana" linalosemwa mtaani limefundishwa na shule gani? Hakuna. Limerithiwa jikoni na barazani, mahali ambapo mwalimu hayupo kulisahihisha. Waingereza waliufuta utumwa kwa sheria hapa Tanganyika mwaka 1922, na utotoni mwangu walikuwapo wazee waliozaliwa kabla ya hapo. Neno limewafuata wajukuu zao kwa sababu hakuna aliyelileta darasani na kulivua nguvu zake. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Anayeambiwa kwamba bibi yake aliuzwa, bila kuambiwa nani alimwuza, kwa nini, na kwa kitambaa cha wapi, huachiwa aibu isiyo yake. Aibu ni ya aliyeuza. Kazi ya somo ni kuirudisha aibu hiyo kwa mwenyewe.

Wa pili husema kwamba mtoto hana hatia ya babu yake. Ni kweli tupu, na mwalimu aiseme siku ya kwanza ya mada hiyo, kwa sauti. Lakini kutokuwa na hatia si sawa na kutokuwa na jambo la kujifunza. Mtoto akirithi shamba, hurithi pamoja nalo habari za mpaka wake, na kama mpaka ulisogezwa kwa dhuluma, lazima ajue, ingawa si yeye aliyeusogeza. Huko Marekani, tangu mwaka 2021, majimbo kadhaa yametunga sheria za kubana jinsi mambo ya utumwa na rangi yanavyofundishwa, na sababu mojawapo inayotolewa ni kwamba mtoto asifanywe ajione mkosaji. Sisi hatukuhitaji sheria. Tulijibana wenyewe kwa adabu.

Wa tatu husema kwamba tukikiri mkono wa watu wetu, tutawapa wageni kisingizio. Watasema: "Mnaona, waliuzana wenyewe." Jibu langu ni kwamba mnunuzi hatakaswi kwa kuwako muuzaji. Anayenunua mali ya wizi hufungwa pamoja na mwizi. Wala hatujapata kusikia hakimu akimwachia mmoja kwa sababu amemwona mwenzake. Sultani alitoza ushuru, mwenye shamba la karafuu alivuna, mwenye kiwanda cha ng'ambo aliuza kitambaa. Ukweli wetu hauwapunguzii chao hata senti moja.

Zipo habari nyingine ambazo ningependa kila mwanafunzi wa Korogwe na Handeni azijue. Wale Wazigua waliopelekwa Benadir hawakumalizika. Wengi walitoroka wakaingia misitu ya Mto Juba, mahali paitwapo Gosha, na masimulizi yao humtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza. Walilima huko zaidi ya miaka mia moja, wakiwa na lugha yao, wakihesabiwa na wenye nguvu kuwa watu duni. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 walikimbia tena. Baadhi yao walikuja hapa hapa, wakapokelewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, na baadaye katika makazi ya Chogo yaliyofunguliwa mwaka 2003. Wenyeji walistaajabu kusikia watu wa Somalia wakisema Kizigua, tena Kizigua cha mababu. Wengi wao wamepewa uraia wa Tanzania. Wenzao waliobaki kambi za Kenya, watu takriban 12,000, walipokelewa Marekani kuanzia mwaka 2003. Maana yake ni kwamba leo kuna watoto wa asili ya Handeni wanaokaa katika madarasa ya Marekani na kusoma habari za watumwa wa mashamba ya pamba. Kitabu chao hakiwaambii kwamba wao nao wanatoka katika utumwa, na kwamba pamba ile na njia yao zinakutana. Na vitabu vyetu je?

Niulizeni sasa kwa nini mzee wa miaka sabini na kitu ajisumbue na mambo haya. Ni kwa sababu hayajaisha. Sote tunajua jinsi wasichana wanavyotolewa vijijini kupelekwa mijini kufanya kazi za nyumbani. Wapo wanaofanya kazi ya halali kwa mshahara wa halali, nao sisemi juu yao. Lakini wapo wanaochukuliwa wakiwa na miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, mwaka wa ukame, na mtu anayewajua wazazi, ambaye huitwa shangazi hata kama si shangazi. Huja na doti ya khanga, na kilo chache za unga, na ahadi kwamba mtoto atasomeshwa. Nauli ya basi huilipa yeye. Miezi hupita, mshahara hauonekani, simu haipokelewi. Tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, lakini sheria humngoja mtu wa kushtaki, na mzazi aliyepokea unga huona haya kushtaki.

Tazama vipande vyake: njaa, kitambaa, ahadi ya kurudi, na mtu anayejua nyumba ipi ina watoto. Ni vilevile vya miaka ya 1830. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba utumwa ni mgeni mwenye mnyororo na jahazi hawezi kuutambua ukija na tabasamu na tiketi ya basi. Aliyefundishwa jinsi ulivyoanza, mlangoni, kwa mtu anayejulikana, huenda akausimamisha. Huenda msichana mmoja akakataa kupanda basi, au kaka yake akauliza jina la mtaa anakopelekwa na kuliandika.

Mtaala wa mwaka 2023 umeleta somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Nimelipenda jina hilo kwa sababu limeviweka pamoja vitu viwili ambavyo tulizoea kuvitenganisha. Lakini maadili hayapatikani kwa kusifu mashujaa peke yake. Yanapatikana pale mtoto anapoonyeshwa mtu wa kawaida, asiye zimwi, mwenye njaa au mwenye tamaa, aliyesimama mahali pa kuchagua akachagua kumhesabu jirani yake kuwa si mwenziwe. Neno hilo, "huyu si wetu", ndilo lililotangulia kila mnyororo. Mwalimu mwenzangu, usilipite. Lifundishe polepole, bila kutaja koo za wanafunzi wako, bila kumwelekeza mtoto yeyote kidole, na usimalize kipindi kabla kila mmoja hajasikia kwamba aliyeuzwa hakupungua utu, na kwamba aliyeuza ndiye aliyeupoteza wake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kwa jambo hili, watakaokufa ni watoto wa watu.