Mwenye Kalamu na Mwenye Burashi: Nani Anasema Ukweli?

Darasani tulifundishwa kwamba Stanley ndiye aliyevumbua Ruwenzori mwaka 1888. Na wazee wetu Wayira, waliokuwa wakilima miteremko ile, walikuwa vipofu? Historia iliandikwa na mwenye kalamu. Je, mwenye burashi hana haki ya kujibu?

Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa Elisabethville, leo Lubumbashi, alijibu. Mwaka 1973 na 1974 alichora tablo kama mia moja juu ya historia ya Kongo, akamweleza mtaalamu Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Wachoraji wa wakati wake waliuzia watu wa mji tablo za "Colonie belge": mfungwa amelazwa chini anapigwa fimbo, na bendera ya Wabeleji iko juu. Watu walizitundika salo, pale wageni wanakaa. Tshibumba mwenyewe alijiita mwanahistoria.

Kuna msomi atakayesema: huyo alichora kitu hakukiona. Ni kweli. Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961. Yeye akaweka misalaba mitatu nyuma ya maiti, kama Golgota. Misalaba haikuwepo. Lakini Leta ya Katanga ilitangaza nini? Kwamba Lumumba alitoroka, akauawa na wanakijiji. Ule ulikuwa uongo wenye muhuri. Maiti ziliyeyushwa kwa asidi ili kusiwe hata kaburi. Tume ya bunge la Ubelgiji ilikuja kukubali lawama ya kimaadili mwaka 2001 tu, na jino moja likarudishwa mwaka 2022. Mchoraji alikosa misalaba, lakini alimpa marehemu mwili miaka mingi mbele ya hapo.

Hiyo haimaanishi kwamba kila burashi inasema kweli. Chuki nayo inachorwa, na inachorwa vizuri. Kipimo changu ni hiki: tablo inamrudishia mtu utu wake, ao inamtafutia jirani kosa la kumuua?

Swali hili linatuhusu sisi. Tangu Oktoba 2014, watu wa Beni wamechinjwa, na wengi wamezikwa bila jina lao kuandikwa mahali popote. Kama sisi hatuandiki wala hatuchori, kesho tutasomeshwa vifo vyetu na wageni, namna tulivyosomeshwa mlima wetu.